Gordy Bado Hajacheka

Philadelphia, 12 Januari

Shemeji Ardis,

Bahasha hii nene si wosia wala si kesi, usishtuke. Ni kitabu changu kipya. Nimekichapa kwenye karatasi kwa sababu najua hupendi kusoma kwenye skrini, na nimeandika barua badala ya kupiga simu kwa sababu simu ya jikoni kwenu inasikika nyumba nzima, na kila tukigusa siasa tunaishia kupigiana kelele mpaka mbwa anaomba kutoka nje.

Kinaitwa Jamhuri ya Ua wa Mbele. Kinahusu bwana mmoja wa mji mdogo kando ya ziwa, jina lake Bung. Siku moja anachoshwa na serikali, anazungushia kamba ua wa nyumba yake na kuutangaza kuwa nchi huru. Anaweka kizuizi njiani. Mpeleka barua anadaiwa pasipoti. Kindi wanaandikishwa uraia, isipokuwa wale waliozaliwa kwenye mti wa jirani. Mkewe akitoka jikoni kwenda sebuleni na kikombe cha kahawa, anatozwa ushuru. Ni kejeli, shemeji, kejeli tupu, na najua utaniuliza huyo Bung ni nani. Soma kwanza.

Kinachoninyima raha ni hiki. Mhariri wangu wa New York, Simone, amecheka mpaka akapaliwa na chai. Rafiki zangu wote hapa chuoni ninakofundisha wamecheka. Na wote walipiga kura kama mimi. Hakuna hata mmoja aliyesoma akajiona mle ndani. Sasa kejeli inayomchekesha yule tu asiyeguswa nayo ni kazi gani? Huko si kumsengenya mtu? Wenzangu wananiambia nizoee, kwamba Amerika imekatika vipande viwili, kila kipande kina vichekesho vyake, na mtu wa upande wa pili hatakusoma ila akitafuta cha kukushtakia. Mimi sikubali.

Kwa hiyo nimejiwekea sharti. Gordy ndiye aliyenifundisha kucheka, kabla hata sijajua kusoma. Tangu uchaguzi ule hatujacheka pamoja hata mara moja, nawe umeona. Kama kitabu hiki hakiwezi kumfanya kaka yangu ajicheke, walau mara moja, sikitoi, na siandiki kingine. Nitakwenda kuandika maelezo ya kwenye chupa za dawa. Sitanii.

Mpe asome. Tumia ujanja wowote ulio nao.

Shemeji yako,
Lowell


Halstrom Lake, 24 Januari

Shemeji,

Nimekisomea ndani ya basi la shule ninaloliendesha, nikiwasubiri watoto watoke darasani, hita ikiunguruma. Kindi wamenichekesha sana. Ushuru wa kahawa umenichekesha kidogo chini ya hapo, kwa sababu huyo mke ni mimi, usijifanye. Hata koti lake la zambarau ni langu. Na mimi nilipiga kura kama Gordy, kwa hiyo kama ulitaka kujua iwapo mtu wa upande wetu anaweza kukusoma bila kupasuka, ndiyo, anaweza.

Mume wangu ndiye kazi. Nilikiweka mezani, akakisukuma pembeni kwa kisu cha siagi. Nikakipeleka karakana na kukiweka juu ya injini ya boti anayoitengeneza. Akaifunika injini kwa turubai, na kitabu humohumo.

"Nishajua kilichomo," akasema. "Kuna bwege mmoja wa huku, na kuna mtu mwerevu anayemtazama."

Nikamwambia hakuna mtu mwerevu hata mmoja katika kitabu kile.

"Yupo," akasema. "Ndiye aliyekiandika."

Sasa sikiliza. Jumamosi ya katikati ya Februari kuna bahati nasibu ya nyama pale baa ya Dutch, ya kuchangia zimamoto wetu wa kujitolea. Gordy ndiye anayeita namba za washindi wa nyama. Hawezi kuondoka, maana akiondoka nani atagawa soseji? Watu wote watakuwepo, sisi wengi na wale wachache wa upande wenu wanaokaa karibu na friji. Njoo utusomee sura moja, baada ya mbavu za nguruwe na kabla ya kuku. Atake asitake, atasikia.

Njoo na kofia ya kufunika masikio. Ile skafu yako ya mapambo iache hukohuko.

Ardis


Philadelphia, 19 Februari

Shemeji,

Tumeshinda! Nimefika salama, na tangu nishuke ndege natembea chumbani nikicheka peke yangu. Nilikuja nikijua nitazomewa, nitarushiwa mfupa. Badala yake walinisikiliza kimya, wakanitazama machoni, na nilipomaliza ukumbi mzima ukapiga makofi. Hata wale wazee wenye kofia za uchaguzi walipiga makofi! Dutch akanipa bia na kukataa nisiilipie. Mchungaji wenu alinikumbatia mpaka miwani ikapinda.

Tena kesho yake asubuhi! Nilipofungua mlango wa moteli nikakuta trei za nyama ya kusaga na viazi zimepangwa kizingitini, bado za moto, zimefungwa kwa karatasi ya kung'aa. Moja ilikuwa na kikaratasi: "Tunakufikiria, Lowell." Nimekula mpaka nikaona haya. Nani alisema watu wa pande mbili hawawezi kusomana?

Na Gordy. Ulimwona? Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Sikumbuki lini alinishika hivyo. Akaniambia, "Jitunze, bwana mdogo." Ni kweli hakucheka, lakini kuna kicheko cha ndani kwa ndani, nami nilikiona usoni pake. Nimemwambia Simone aanze kupanga kurasa.

Kejeli iko hai, shemeji. Waambie waliotangaza kifo chake wakafukue kaburi, hawatakuta mtu.

Lowell


Halstrom Lake, 27 Februari

Lowell,

Barua yako nimekaa nayo, natafuta njia ya upole ya kukujibu. Sijaipata, kwa hiyo chukua kiti.

Huku hatuzomei mtu. Wewe umezaliwa hapa, umesahau? Tunampigia makofi mtoto aliyesahau wimbo katikati ya tamasha. Tunawapigia makofi zimamoto wakichelewa na nyumba ikateketea. Na trei ya nyama na viazi, shemeji, inapelekwa wapi? Hebu mkumbuke mama yenu. Inapelekwa kwenye nyumba iliyofiwa, au kwa mtu aliyetoka hospitali. Marlys Engebretson alinisimamisha dukani, machozi yanamlengalenga: "Maskini Lowell, ana nani wa kumwangalia huko Philadelphia?" Walidhani akili imeyumba. Mtu mzima, amesafiri nusu ya nchi, anasimama mbele ya soseji kusoma habari za kindi wenye uraia. Mchungaji anakuombea kila Jumapili, baada tu ya kuiombea nyonga ya mzee Harold.

Na ule mkono wa Gordy wa mikono miwili ndio mkono tunaoshikana msibani.

Alijijua, bila shaka. Aliita namba za kuku bila sauti kubadilika, tukarudi nyumbani, akazima gari lakini hakushuka. Akasema, "Hii si kejeli, Ardis. Hii ni tusi. Hanijui. Kamwandika mtu ambaye hayupo, halafu kampa sura yangu." Akaingia ndani na hakutaka chakula. Nimeishi na mtu huyu tangu tuna nywele zote, na nimemwona amekasirika mara nyingi. Safari hii aliumia, na sikupenda kumwona vile.

Usiniandikie kuwa watu wa huku hawajui utani. Tunataniana tangu kahawa ya asubuhi. Lakini mtu akitania, anabaki kusubiri ataniwe naye. Wewe ulisoma, ukafunga kitabu, ukapanda ndege.

Sikuambii uache. Nakuambia bado hujaanza.

Ardis


Philadelphia, 16 Machi

Shemeji,

Zile trei nilizila zote. Nikikumbuka natamani ardhi ipasuke.

Lakini sikati tamaa. Umesema kweli, na nimeifanyia kazi. Ndani ya bahasha kuna sura mpya inayowahusu watu wangu, sisi wa huku. Kuna karamu ya chakula cha jioni ambapo kila mgeni anajitahidi kuwa na huzuni kuliko mwenzake kuhusu hali ya nchi, na mwenyeji anatoa kikombe kwa mshindi. Sikumwacha mtu. Hata mimi nimo, ni yule mwenye ndevu anayeshindwa dakika za mwisho kwa sababu alionekana akifurahia jibini.

Nimewasomea rafiki zangu. Walicheka mno, wakasema, "Ni sisi kabisa!" Umeona? Sisi tunaweza kujicheka. Msomee Gordy hii kwanza, kabla ya Bung. Aone kwamba mzani uko sawa.

Lowell


Halstrom Lake, 25 Machi

Shemeji,

Nimesoma. Inachekesha kidogo. Lakini hebu nikuulize, kosa la watu wako katika sura hii ni nini? Kwamba wanaumia mno kwa ajili ya dunia. Hilo nalo ni kosa? Mtu akiniambia kasoro yangu kubwa ni wema wangu, na mimi nitacheka "ni mimi kabisa" na kuomba nakala ya pili. Umejikuna pasipowasha.

Bung wako ana kasoro za kweli. Ni mbishi, ni mwoga, anamwonea mkewe. Watu wako kasoro yao ni kupenda jibini.

Gordy alisikiliza huku akichokonoa kabureta. Akasema, "Kajinyoa bila wembe." Basi.

Ardis


Philadelphia, 31 Machi

Shemeji,

Sawa. Nimejaribu kuwacheka, mmeona ni tusi. Nimejaribu kujicheka, mmeona ni sifa. Kama kaka anajua wembe unavyoshikwa, mwambie achukue kalamu aninyoe yeye. Namsubiri. Kuchokonoa kabureta ni rahisi.

Lowell


Halstrom Lake, 20 Aprili

Shemeji,

Ulimchokoza, sasa pokea.

Barua yako ile nilimsomea wakati wa kifungua kinywa. Siku zilizofuata nikaona kalamu za jikoni zinapotea. Akawa anasimama ghafla katikati ya chakula, anaenda karakana, anarudi na wino kidoleni. Mimi nilidhani anaandika barua ya kulalamikia kampuni ya gesi.

Jumamosi iliyopita ilikuwa bahati nasibu ya nyama. Alipomaliza mbavu akatoa karatasi mfukoni, akavaa miwani yangu, akasoma. Mwanzo watu walidhani ni tangazo la mkutano. Nimekunakilia kama ilivyo:

"Profesa anaishi mjini, kwenye jengo zuri. Dirishani kwake kuna kibao: KILA MTU ANAKARIBISHWA HAPA. Mlangoni kuna kufuli nne. Profesa anaipenda dunia nzima. Anajua jina la mto unaokauka upande wa pili wa dunia, na huulilia. Jirani wake wa chini hamjui jina, humwita yule wa baiskeli. Profesa hali nyanya mpaka aambiwe ilizaliwa wapi na kama ililelewa vizuri. Siku ya Shukrani humsomea bata mzinga tamko la kumwomba radhi, kisha humla, na huongeza sahani ya pili.

"Profesa ana kaka yake huko ziwani. Huja kumtembelea mara moja kwa mwaka, hukaa ukingoni mwa kochi kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme. Haulizi goti lako linaendeleaje. Huuliza, 'Watu wa huku mnaionaje hali?' Kaka akijibu kwamba theluji imekuwa nyingi, Profesa hutikisa kichwa kwa huzuni, maana amesikia jambo zito. Kaka akikohoa, huandika mahali. Siku kaka atakapokufa, Profesa atakuja mazishini na kuwauliza wafiwa wanaionaje hali."

Lowell, watu walicheka mpaka Dutch akaegemea mashine ya bia. Na waliocheka zaidi ni wale wa karibu na friji, watu wako. Yule mwalimu wa muziki alilala mezani, akisema, "Bata mzinga! Bata mzinga!"

Na safari hii hakuna aliyepika trei.

Ardis


Philadelphia, 26 Aprili

Ardis,

Nimesoma. Hii si kejeli. Hii ni tusi. Hanijui hata kidogo. Kamwandika mtu ambaye hayupo, halafu kampa sura yangu na kuusomea umma wa walevi.

Kwanza, kufuli ni mbili. Pili, yule wa baiskeli tunasalimiana vizuri sana. Tatu, ule mto unakauka kweli, na watu wanakufa, na sioni cha kuchekesha. Nne, mimi nauliza maswali kwa sababu najali. Ni nani mwingine katika ukoo huu anayejaribu hata kuelewa mwenzake anafikiri nini? Anadhani ni rahisi kwangu kukaa kwenye kochi lile, chini ya lile bango lenu la uchaguzi? Na kuhusu mazishi, amevuka mpaka. Kuna mambo hayachezewi.

Halafu watu wangu nao wamecheka. Hilo ndilo limenichoma kuliko yote. Mwambie asinisemeshe.

Lowell


Halstrom Lake, 2 Mei

Shemeji,

Nilipofungua barua yako nilidhani posta wamenirudishia maneno ya mume wangu. Nilikwenda kuichukua ile niliyokuandikia Februari, isipokuwa sikuwa nayo, iko kwako. Itoe. Isome, kisha isome yako. Umemwibia mpaka pa kuvuta pumzi.

Nikamsomea Gordy. Ungemwona! Nilitegemea atashangilia. Akakuna kidevu, akasema, "Kufuli mbili, eti?" Kisha akasema, "Imemuuma kweli?" Nikamwambia ndiyo, imekuuma kweli. Akasimama, akaenda karakana, akaondoa turubai. Nilichungulia dirishani nikamwona ameketi kwenye ndoo, kitabu chako mapajani. Ile boti ya watu inasubiri, na sijasikia nyundo tangu juzi.

Sijui anafanya nini na maneno yako. Wewe je, unafanya nini na ya kwake? Nyie wawili nimechoka kuwabebea barua. Ana sanduku lake la posta, na anajua kusoma.

Ardis


Philadelphia, 30 Mei

Kaka Gordy,

Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana. Hii naipeleka posta hata kama ni mbaya.

Nilikukasirikia. Nilikasirika nikiwa darasani, nikiwa bafuni, nikiwa nimelala. Nikakutungia majibu makali, mengine mazuri sana, na inasikitisha kwamba umeyakosa. Kisha siku moja ndani ya treni sentensi yako ya mita ya umeme ikanijia, nikajiona pale ukingoni mwa kochi, magoti yamebanana, natabasamu kama mtu wa serikali. Nikacheka kwa sauti. Mama mmoja akahama kiti. Gordy, ni kweli. Nilikuwa nakuja kwako kuchukua vipimo. Imeniuma kwa sababu ni kweli, na hakuna rafiki yangu yeyote ambaye angeweza kuniambia, kwa sababu wote wanakaa hivyohivyo.

Nikashuka chini nikagonga kwa yule wa baiskeli. Anaitwa Desmond Purcell. Ana kofia ya chama chenu juu ya televisheni. Tumepishana kwenye ngazi zile miaka yote, na mimi naandika vitabu kuuliza watu kama yeye wako wapi! Hatukukubaliana hata jambo moja, akanishinda karata.

Sasa sikiliza habari ya kitabu. Nilimpelekea Simone maandishi yako. Nikamwambia Profesa awe sura ya mwisho, neno kwa neno, jina lako juu. Amecheka kidogo, akaacha. Akaniambia msomaji wetu ananunua kitabu ili amcheke Bung, hanunui ili ajicheke mwenyewe. Akasema kitatoka bila Profesa, au hakitatoka kwake. Si mtu mbaya, anajua soko lake. Nimekichukua kitabu changu na kuondoka. Kuna mchapishaji mdogo Duluth, huko upande wenu, anayechapa vitabu vya uwindaji na mashairi, amesema atakitoa chote.

Lakini sikitoi bila wewe. Sharti langu la Januari liko palepale, muulize Ardis. Nakuomba jambo moja tu. Bahati nasibu ya nyama ya Juni, tusimame wote wawili pale kwa Dutch. Mimi nitasoma Profesa. Wewe usome Bung. Kila mtu amsome anayemhusu, mbele ya watu wanaomjua. Ukikataa, kitabu kitakaa kabatini, nami nitaenda kuandika chupa za dawa, na sitakulaumu.

Sikuombi tukubaliane. Mlikosea siku ile kwenye kura, mlikosea vibaya, na nitasema hivyo mpaka naingia kaburini. Watu wanaumia kwa sababu ya kura zile, na sitaacha kuandika hilo. Nataka tu ulisome likiwa limeandikwa na mtu anayekujua, na wewe uniandike hivyohivyo.

Goti linaendeleaje?

Mdogo wako,
Lowell


Halstrom Lake, 9 Juni

Lowell,

Ardis amesema niweke tarehe, nimeweka.

Goti ni zima ila nikipanda ngazi. Limewekewa chuma. Asante kwa kuuliza, ingawa ilibidi nikuandikie hadithi ndipo uulize.

Kitabu chako kina makosa. Bung anapigilia nguzo za kizuizi kwa nyundo ya misumari. Huku, mwezi wa Novemba, udongo mgumu kama sakafu? Mpe nyundo kubwa, na achimbe chini kabisa kusikoganda, la sivyo baridi itazing'oa nguzo zote kabla ya Machi na nchi yake itaanguka bila vita. Hata mjinga wa huku anajua hilo. Ukitaka kumtukana mtu wa ziwani, kwanza umpe zana sawasawa.

Pia ni mwoga kupita kiasi. Mwoga, sawa. Lakini mpunguzie kidogo kwenye ukurasa anapoogopa radi.

Sasa kuna ile sehemu anapotoka kutupa takataka, anarudi, anakuta viza yake imeisha. Anasimama upande wa nje wa kizuizi na kujihoji mwenyewe, akienda upande huu anauliza, akienda ule anajibu. Anajikatalia kuingia. Analala kwenye gari, baridi inamtafuna, na amejaa fahari kwa kazi nzuri ya mlinzi wa mpaka. Hapo niliweka kitabu chini nikaenda kutazama ziwa, maana namjua bwege wa namna hiyo. Aliweka mnyororo barabarani kwake kwa hasira za uchaguzi, na kibao cha USIINGIE, akamrudisha mtu wa gesi ya kupasha nyumba joto. Wakakaa bila moto wikendi nzima, mke amevaa koti la zambarau kitandani, na bwege anasema, "Lakini hakuna aliyeingia, sivyo?"

Ardis hajawahi kukuambia hilo. Ulilibuni tu, ukalipata. Nilirudi kwenye ndoo nikacheka mpaka mbwa akaja kuangalia. Ardis alisikia kutoka jikoni akadhani nimeanguka. Nilicheka tena wakati wa kula. Nikamwomba radhi kwa ule mnyororo, na yeye akasema ameisubiri sana.

Kwa hiyo nitasoma Bung. Nitasoma na sehemu ya gari, polepole, wote wajue ni mimi, ingawa wanajua. Wewe utasoma Profesa, na usiharakishe kwenye kochi. Wakicheka, ngoja wamalize. Mwambie huyo wa Duluth aandike jina langu lote, Gordon, na asiweke picha.

Hutalala moteli. Chumba cha juu kiko wazi. Marlys ameuliza kama apike, nimemwambia hakuna aliyekufa. Mlete na huyo Desmond kama anaweza kuita namba, koo langu si zuri.

Jambo la mwisho. Ardis anasema wewe na wasomi wenzako mnataka kujua kama maandishi ya namna hii bado yanaweza kumbadilisha mtu. Mimi sijabadilika. Novemba nitapiga kura vilevile, na wewe utakosea vilevile. Lakini nakuonya, Lowell, usije ukathubutu kuhamia upande wangu. Wa kukubaliana nami ninao mji mzima. Wa kunicheka nikamsikia nina mmoja tu.

Kaka yako,
Gordy